Mkulima, Askari na Chama: Nguvu Zilizoung'oa Ukoloni India

Mara nyingi katika madarasa yetu ya siasa, linapotajwa jina la India, mazungumzo huishia kwa mtu mmoja: mzee mwembamba aliyejifunga kitambaa kiunoni, akashika mkongojo, akaenda pwani kuokota chumvi, na dola kubwa kuliko zote duniani ikatikisika. Hadithi hii si ya uongo. Lakini ni nusu ya habari, na nusu ya habari katika mambo ya siasa yaweza kuleta madhara kuliko kutojua kabisa. Kada anayeamini kwamba ukoloni uliondoka India kwa utakatifu wa mtu mmoja atakaa akimsubiri mtakatifu wake.

Katika makala hii tunataka kuuliza maswali mengine. Ni nguvu zipi za umma zilizomfanya Mwingereza ashindwe kuendelea kutawala? Nani aliziongoza nguvu hizo? Na ni wapi viongozi hao walipoziambia zisimame, na kwa nini? Swali hili la mwisho ndilo gumu, na ndilo tutakalokaa nalo zaidi.

Unyonyaji ulivyojengwa

Waingereza hawakuingia India kama serikali. Waliingia kama kampuni ya biashara. Mwaka 1757, katika mapigano ya Plassey, Kampuni ya India ya Mashariki ilimwangusha mtawala wa Bengal kwa msaada wa wasaliti waliokuwa ndani ya baraza lake mwenyewe. Mwaka 1765 Kampuni hiyo ikapata haki ya kukusanya kodi katika Bengal, Bihar na Orissa. Hapo ndipo msomaji asimame kidogo atafakari. Kabla ya mwaka huo mfanyabiashara Mwingereza alilazimika kuleta fedha kutoka kwao ili anunue nguo za India. Baada ya mwaka huo alizinunua nguo hizo kwa kodi aliyowatoza Wahindi wenyewe. Yaani mfumaji alilipwa kwa fedha zilizotoka mfukoni mwa jirani yake mkulima, na mzigo ukapakiwa melini bure. Miaka mitano haikupita, njaa kubwa ya 1769 na 1770 ikaua mamilioni ya watu Bengal, na kodi iliendelea kukusanywa.

Mwaka 1793 Gavana Mkuu Cornwallis aliweka utaratibu mpya wa ardhi katika Bengal. Wakusanyaji wa kodi walioitwa mazamindari waligeuzwa kuwa wenye ardhi, kwa sharti kwamba wailipe serikali kiasi kilichopangwa ambacho hakitabadilika milele. Zamindari aliyeshindwa kulipa kwa tarehe iliyowekwa, ardhi yake ilipigwa mnada. Aliyeweza kulipa alikuwa huru kumkamua mkulima apendavyo. Kwa hiyo ukoloni ulitengeneza tabaka la makabaila ambalo maisha yake yote yalitegemea kuwapo kwa mkoloni, na kati ya kabaila huyo na mlima jembe wakaota wakodishaji wadogo wadogo, kila mmoja akidai fungu lake. Tutalikuta tabaka hili tena na tena katika habari hii.

Nguo nazo tunazijua hata sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, maana kaniki walizovaa mabibi zetu zilitoka Gujarat kabla ya vitambaa vya viwandani kuenea. Viwanda vya Lancashire vilipoanza kutoa nguo nyingi, soko la India lilifunguliwa kwa nguvu ya serikali, na nguo za India zikawekewa ushuru mkubwa Uingereza. Mji wa Dhaka, uliosifika kwa melimeli yake nyembamba, ukapungukiwa watu, na wafumaji wakarudi shamba kugombea ardhi na wengine.

Mtu wa kwanza kuuweka unyonyaji huu katika hesabu alikuwa Dadabhai Naoroji, aliyechaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la Uingereza mwaka 1892. Katika kitabu chake cha mwaka 1901 alionyesha jinsi mali ilivyochuruzika kutoka India mwaka hata mwaka: malipo ya uzeeni ya maofisa waliokwisha rudi kwao, riba ya madeni, gharama za ofisi ya London, hata gharama za vita ambavyo India haikuwa na ugomvi navyo. Jeshi la India, lililolipwa kwa kodi ya mkulima wa India, lilipelekwa kupigana China, Uhabeshi mwaka 1868, na Misri mwaka 1882. Mnamo Novemba 1914 kiasi cha askari 8,000 wa jeshi hilo walishushwa Tanga kupigana na Wajerumani, wakashindwa vibaya, na wengi wao wakazikwa huko huko. Mkulima wa Bara Hindi alilipia jeshi lililokwenda kugombea ardhi ya mkulima wa Afrika. Hiyo ndiyo kazi ya ubeberu.

Askari ni mkulima aliyevaa sare

Waingereza waliokuwa India walikuwa wachache mno. Hakuna wakati ambapo wangeweza kuitawala nchi ile kwa mikono yao wenyewe. Walitawala kwa askari Wahindi, polisi Wahindi na makarani Wahindi. Kwa hiyo swali la jeshi lilikuwa ndilo roho ya utawala, na Waingereza walilijua hivyo kuliko wapinzani wao wengi.

Walilijifunza mwaka 1857. Tarehe 10 Mei ya mwaka huo askari wa kambi ya Meerut waliwaasi maofisa wao, wakaenda Delhi, wakamtangaza mzee Bahadur Shah Zafar kuwa mfalme wao. Vitabu vya mkoloni husema walichukizwa na risasi zilizopakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe, ambazo karatasi yake ilipaswa kung'atwa kwa meno. Jambo hilo lilikuwapo, nalo liliwaudhi Wahindu na Waislamu sawia. (Tukumbuke kwamba Mhindi ni mtu yeyote wa Bara Hindi, na Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu, kwetu maneno haya mawili huchanganywa kila siku.) Lakini mafuta peke yake hayawashi moto wa namna ile. Sehemu kubwa ya askari wa jeshi la Bengal walitoka vijiji vya Awadh na jirani zake, na Awadh ilikuwa imenyakuliwa na Kampuni mwaka mmoja tu kabla, 1856. Barua zilizofika kambini zilikuwa barua za ardhi na kodi. Askari walipoasi, vijiji vingi viliasi pamoja nao, na daftari za wakopeshaji zikachomwa.

Maasi yalizimwa kwa ukatili mkubwa. Bahadur Shah alihamishiwa Rangoon, akafia huko mwaka 1862. Waasi walishindwa kwa sababu kila jimbo lilipigana peke yake, uongozi ulikuwa wa wafalme waliotaka kurudi kwenye viti vyao, na hapakuwa na chombo kimoja cha kuunganisha nia. Waingereza walichukua funzo lao bila kuchelewa: waliongeza uwiano wa askari wazungu, waliishika mizinga mikononi mwao, na wakaandikisha askari kutoka makabila waliyoyaona tiifu, huku wakichanganya vikosi ili Kalasinga amlinde Mhindu na Gurkha amlinde Mwislamu. Funzo hilo liliwatosha kwa karibu miaka 90.

Chama chaanza juu, chashuka chini

Chama cha Congress kilianzishwa Bombay mnamo Desemba 1885, na mkutano wake wa kwanza ulikuwa na wajumbe 72. Walikuwa mawakili, waandishi wa magazeti, wafanyabiashara na walimu. Kwa miaka 20 kazi yao kubwa ilikuwa kuandika maombi kwa Kiingereza kizuri. Tusiwacheke, maana Naoroji alikuwa mmoja wao, na vyama vingi vya ukombozi vimeanza hivyo hivyo. Lakini Serikali ya kikoloni haikuwa na sababu ya kuwasikiliza, kwa kuwa nyuma yao hapakuwa na mtu.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 1905 Lord Curzon alipoigawa Bengal. Nguo za Uingereza zilisusiwa na kuchomwa hadharani. Mwaka 1908 Bal Gangadhar Tilak alipohukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa maandishi yake, wafanyakazi wa viwanda vya nguo vya Bombay waligoma siku 6, siku moja kwa kila mwaka wa kifungo. Hao ni watu ambao wengi wao hawakuweza kulisoma gazeti la Tilak. Tabaka la wafanyakazi lilijitokeza katika siasa kabla chama hakijalialika.

Gandhi alirudi India kutoka Afrika ya Kusini mnamo Januari 1915. Sifa yake ya kweli, na hapa tunadhani wanaomsifu na wanaomlaumu huipita wote wawili, ni kwamba alikwenda kijijini. Mwaka 1917 mkulima mmoja wa Champaran katika Bihar, jina lake Rajkumar Shukla, alimfuata mpaka akakubali kwenda kuona hali ya wakulima wa nili. Katika wilaya hiyo wakulima walilazimishwa na masetla wa Kizungu kupanda nili katika sehemu 3 kati ya 20 za shamba lao. Gandhi na wenzake walikaa huko wakaandika maelezo ya maelfu ya wakulima, mmoja mmoja, wakitaja jina, ekari na malipo. Masetla walilazimika kurudisha robo ya fedha walizotoza bila haki, na utaratibu wenyewe ukafutwa kwa sheria. Robo si nyingi. Lakini mkulima aliona kwa macho yake setla akirudisha fedha, na jambo hilo halikuwahi kuonekana.

Mwaka 1919 Serikali ilipitisha sheria ya Rowlatt iliyoruhusu kuwafunga watu bila mashtaka. Tarehe 13 Aprili Jenerali Dyer aliwapeleka askari katika uwanja uliozungushiwa kuta wa Jallianwala Bagh, mjini Amritsar, akaamuru wapige risasi umati usiokuwa na silaha. Risasi 1,650 zilipigwa. Serikali yenyewe ilikubali kwamba waliokufa ni 379. Wahindi walihesabu zaidi sana. Baada ya hapo hapakuwa tena na faida ya kuandika maombi.

Desemba 1920, katika mkutano wa Nagpur, Congress ilibadilisha katiba yake. Makada watazame jambo hili kwa makini, maana huwa halitajwi katika masimulizi ya kishujaa. Ada ya uanachama ilishushwa hadi ana 4, yaani robo rupia. Kamati za majimbo zilipangwa kwa kufuata lugha za wananchi badala ya mipaka ya mkoloni. Kamati Kuu ndogo ya watu 15 iliundwa ili kufanya kazi mwaka mzima, badala ya chama kuamka kila Desemba na kulala Januari. Mkulima aliweza sasa kuwa mwanachama, na kikao kikaendeshwa kwa lugha aijuayo. Nguvu iliyoonekana miaka miwili iliyofuata haikushuka kutoka mbinguni.

Chauri Chaura

Mwaka 1921 India yote ilikuwa katika mwendo. Wanafunzi waliacha shule za Serikali, mawakili waliacha mahakama, Waislamu na Wahindu walitembea bega kwa bega kwa sababu ya kuungana kwa Congress na harakati za Khilafat. Vyama vya wakulima vya Awadh vilikataa kulipa tozo zisizo za haki kwa makabaila. Wafanyakazi walikuwa wamekwisha unda shirikisho lao la vyama mwaka 1920. Mwanzoni mwa 1922 Gandhi alikuwa akijitayarisha kuanzisha, katika eneo la Bardoli, kampeni ya kukataa kodi ya ardhi.

Mapema Februari 1922 waandamanaji wa Chauri Chaura, kijiji cha wilaya ya Gorakhpur, walipigwa risasi na polisi, na watu watatu wakauawa. Umati ulioghadhibika uliwafukuza polisi mpaka kituoni, ukakitia moto. Polisi zaidi ya 20 walikufa. Gandhi alisimamisha harakati zote katika nchi nzima. Viongozi waliokuwa gerezani, Nehru akiwa mmojawapo, walistaajabu na kukasirika: kosa la kijiji kimoja limewezaje kuwa adhabu ya Bara zima?

Gandhi alikuwa na hoja yake, nayo tuiheshimu. Aliamini kwamba harakati inayomwaga damu itampa mkoloni kisingizio, na kwamba umma usiokuwa na nidhamu utavunjwa kwa siku chache. Kama ingekuwa hoja hiyo peke yake, tungeweza kubishana juu ya mbinu tu. Lakini tulisome azimio lenyewe lililopitishwa na Kamati Kuu ya Congress huko Bardoli tarehe 12 Februari. Halikuishia katika kulaani vurugu. Liliwaagiza wanachama wawaambie wakulima kwamba kutowalipa mazamindari kodi ya pango ni kinyume cha maazimio ya Congress na kunadhuru masilahi ya nchi, na likawahakikishia mazamindari kwamba harakati haikukusudia kugusa haki zao za kisheria. Ndugu msomaji, mkulima anayechelewesha pango la kabaila hamchomi mtu moto. Huo si utumiaji wa nguvu. Basi azimio hilo lilikuwa likiogopa nini?

Jibu liko katika sura ya chama chenyewe. Congress ilikuwa chombo cha matabaka mengi dhidi ya adui mmoja, na katika nchi iliyotawaliwa hilo lilikuwa sahihi. Lakini fedha zake zilitoka kwa wenye viwanda na wafanyabiashara, na wengi wa viongozi wake wa wilaya walikuwa wenye ardhi au mawakili wa wenye ardhi. Mkulima alialikwa kupigana na Mwingereza. Hakualikwa kupigana na kabaila wake, ingawa kwa maisha yake ya kila siku Mwingereza alikuwa na sura ya kabaila huyo.

Katika kesi ya Chauri Chaura watu 172 walihukumiwa kufa. Mahakama ya rufani ilipunguza idadi hiyo, na 19 wakanyongwa mwaka 1923. Walikuwa wakulima.

Chumvi na bunduki zilizokaa kimya

Sasa tuje kwenye chumvi. Mnamo Januari 1930 Gandhi alimpelekea Gavana Mkuu, Lord Irwin, madai 11. Tukiyatazama tunayaona matabaka yamepangwa katika ukurasa mmoja. Yalikuwapo madai ya wenye viwanda: kubadilisha thamani ya rupia dhidi ya fedha ya Kiingereza, kulinda nguo za India kwa ushuru, kuwapa Wahindi biashara ya meli za pwani. Yalikuwapo madai ya wakulima: kupunguza kwa nusu kodi ya ardhi iliyolipwa Serikalini, na kufuta kodi ya chumvi. Pango la kabaila halikutajwa.

Hata hivyo kuichagua chumvi kulikuwa ni ustadi mkubwa wa siasa. Serikali ilikuwa na ukiritimba wa chumvi; mtu aliyechota maji ya bahari na kuyachemsha alivunja sheria. Maskini na tajiri hula chumvi, Mhindu na Mwislamu hula chumvi, na anayetoka jasho shambani huihitaji kuliko anayekaa ofisini. Tarehe 12 Machi Gandhi alitoka Ahmedabad na wafuasi 78, wakatembea kiasi cha kilomita 385, na tarehe 6 Aprili akaokota chumvi katika pwani ya Dandi. Katika mwaka huo zaidi ya watu 60,000 walifungwa. Wanawake walitoka majumbani kwa maelfu. Sarojini Naidu ndiye aliyeongoza maandamano ya Mei katika bohari ya chumvi ya Dharasana, ambako watu walikwenda safu kwa safu kupigwa marungu bila kuinua mkono.

Lakini tukio lililowatia Waingereza hofu kubwa halikutokea pwani. Tarehe 23 Aprili 1930 mjini Peshawar, katika mpaka wa kaskazini-magharibi, askari wa Garhwal waliamriwa kuupiga risasi umati. Askari walikuwa Wahindu. Umati ulikuwa wa Waislamu. Ule mpango wote wa baada ya 1857, wa kumfanya huyu amlinde yule, ulikuwa umetayarishwa kwa siku kama hiyo. Askari wa vikosi viwili vidogo, wakiongozwa na Chandra Singh, walikataa kupiga. Walipokonywa silaha, wakahukumiwa vifungo virefu.

Machi 5, 1931 Gandhi na Irwin walitia saini mapatano. Wafungwa wa harakati za amani waliachiwa. Askari wa Garhwal hawakuachiwa. Gandhi mwenyewe hakuunga mkono kukataa kwao amri, kwa hoja kwamba askari amekula kiapo cha kutii. Tunakiri kwamba hapa tunashindwa kumfuata. Watu waliokataa kuua walikuwa wametenda lile hasa alilokuwa akilihubiri, tena wakiwa na bunduki mkononi. Siku 18 baada ya mapatano, tarehe 23 Machi, kijana Bhagat Singh na wenzake wawili walinyongwa Lahore. Alikuwa na umri wa miaka 23, naye katika maandishi yake ya gerezani alikuwa amekwisha sema kwamba bomu halitoshi, kwamba lazima kuwaandaa wakulima na wafanyakazi.

Congress ilipounda serikali za majimbo mwaka 1937, umma uliona dalili za mambo yatakayokuja. Katika Bihar chama cha wakulima cha Swami Sahajanand kilidai kurudishiwa mashamba waliyonyang'anywa, na serikali ya Congress ikapatana na mazamindari. Katika Bombay serikali hiyo ilipitisha sheria ya kubana migomo, na tarehe 7 Novemba 1938 wafanyakazi waligoma kuipinga.

Vita, njaa na mgomo wa mabaharia

Mwaka 1939 Gavana Mkuu aliiingiza India vitani bila kumwuliza Mhindi yeyote. Tarehe 8 Agosti 1942 Congress ilitoa azimio la kumtaka Mwingereza aondoke, na alfajiri iliyofuata viongozi wote walikamatwa. Umma ulibaki bila viongozi, nao ukajiongoza. Reli zilifumuliwa, vituo vya polisi vilitekwa, na katika Satara wananchi waliendesha utawala wao wenyewe mpaka karibu na mwisho wa vita. Chama cha Kikomunisti, ambacho kilikuwa na makada hodari miongoni mwa wafanyakazi, kilikataa kujiunga, kwa kuwa Urusi ilikuwa ikishambuliwa na Hitler. Kuupinga ufashisti kulikuwa sahihi. Kukaa kando wakati umma wa nchi yako umesimama lilikuwa kosa, na chama hicho kililipa gharama yake kwa muda mrefu.

Mwaka 1943 njaa ya Bengal iliua watu wapatao milioni 3. Mchele ulikuwapo nchini, lakini bei ilikuwa imepanda kwa matumizi ya vita na ulanguzi, mashua za wavuvi zilikuwa zimechukuliwa na Serikali kwa hofu ya Wajapani, na London ilisita kutoa meli za kuleta nafaka. Askari wetu wa KAR waliopitia Bara Hindi kwenda Bama katika vita hiyo walikuwa katika nchi iliyokuwa ikitoka katika maafa hayo.

Wahindi waliotekwa na Wajapani Singapore waliunda Jeshi la Taifa, ambalo kuanzia 1943 liliongozwa na Subhas Chandra Bose. Bose alikosea kufikiri kwamba beberu mmoja atakukomboa kutoka kwa mwingine, na jeshi lake lilishindwa Imphal mwaka 1944. Lakini Waingereza walipowashtaki maofisa wake watatu huko Delhi mnamo Novemba 1945, mmoja Mwislamu, mmoja Mhindu, mmoja Kalasinga, nchi nzima iliwaona ni watu wake. Serikali ililazimika kuwaachia.

Kisha ikaja tarehe 18 Februari 1946. Mabaharia wa kituo cha Talwar, Bombay, waligoma kwa ajili ya chakula kibovu na matusi ya ofisa wao. Kwa muda wa siku chache mgomo ulienea katika meli 78 na kuhusisha mabaharia wapatao 20,000, toka Bombay hadi Karachi na Calcutta. Waliteremsha bendera za Kiingereza na kupandisha tatu pamoja: ya Congress, ya Muslim League na bendera nyekundu. Walichagua kamati, mwenyekiti Mwislamu na makamu wake Kalasinga. Madai yao yalitoka katika chakula yakafika katika malipo sawa, kuachiwa kwa askari wa Bose, na kuondolewa kwa majeshi ya India yaliyokuwa yakitumiwa kuwakandamiza wananchi wa Indonesia. Linganisha dai hilo la mwisho na wale askari wa Tanga mwaka 1914. Tarehe 22 wafanyakazi wa Bombay waligoma kuwaunga mkono, na katika siku mbili zaidi ya watu 200 waliuawa barabarani.

Wako wanaoandika kwamba siku ya pili ya mgomo London ilitangaza kutuma ujumbe wa mawaziri kwa sababu ya hofu ya mabaharia. Hilo si sahihi. Uamuzi ulikuwa umefikiwa mwezi Januari. Lakini ni sahihi kusema kwamba Mwingereza alijua tangu hapo kwamba bunduki aliyoitegemea tangu 1857 haikuwa tena yake.

Na viongozi? Patel wa Congress aliwaambia mabaharia wasalimu amri. Jinnah wa Muslim League aliwaambia Waislamu miongoni mwao hivyo hivyo. Hao wawili, ambao katika mwaka huo hawakuweza kukubaliana juu ya jambo lolote, walikubaliana juu ya hili. Walikuwa wakijitayarisha kurithi dola, na mrithi hataki kukuta jeshi lililozoea kuchagua kamati. Tarehe 23 Februari mabaharia walisalimu amri.

Mwezi Agosti mwaka huo huo Wahindu na Waislamu walianza kuuana Calcutta. Miezi 6 tu ilikuwa imepita tangu bendera zile tatu zipepee pamoja. Hatusemi kwamba mgomo ungeizuia chuki, ambayo Mwingereza aliipalilia tangu alipotenga viti vya uchaguzi kwa dini mwaka 1909, na ambayo wanasiasa wa pande zote waliitumia. Tunasema tu kwamba palikuwapo njia ambayo watu wa dini zote walikuwa wakitembea pamoja, na viongozi waliifunga. Tarehe 15 Agosti 1947 India ilikuwa huru, imekatwa mapande. Watu zaidi ya milioni 12 walihama makwao, na waliouawa wanakadiriwa kutoka laki kadhaa hadi milioni moja au zaidi. Tarehe 30 Januari 1948 Gandhi, aliyekuwa akizunguka kutuliza mauaji hayo, alipigwa risasi na Mhindu mwenye siasa kali.

Katika miaka ya 1950 sheria za majimbo ziliufuta uzamindari. Mazamindari walilipwa fidia, na wengi walibaki na mashamba waliyodai kwamba wanayalima wenyewe. Wakulima wa Telangana, waliokuwa wamegawana ardhi kwa mikono yao kuanzia 1946, walipelekewa jeshi la India huru, na mapambano yao yalikoma mwaka 1951. Makhan Singh, aliyefungwa India na Waingereza mwaka 1940 kwa kazi yake miongoni mwa wafanyakazi, alirudi Kenya mwaka 1947 kujenga vyama vya wafanyakazi, akawekwa kizuizini na Waingereza hao hao kuanzia 1950 hadi 1961.

Ama mabaharia wa 1946, waliahidiwa na viongozi kwamba hawataonewa. Mamia yao walifukuzwa kazi. Uhuru ulipokuja, jeshi la maji la India halikuwarudisha, wala la Pakistan halikuwarudisha.